Mtoto wa siku 19, macho bado ya njano: je, jua la asubuhi linatosha?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa miaka 24, ninaishi Muheza mkoani Tanga pamoja na wazazi wa mume wangu, na huyu ni mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Nilijifungua salama katika zahanati iliyo karibu na kwetu. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 3.1, alilia mara tu alipozaliwa na alinyonya ndani ya saa ya kwanza, nasi tukaruhusiwa kurudi nyumbani asubuhi iliyofuata. Siku ya tatu, tulipokuwa tunamwogesha, mama mkwe wangu alimfunua jicho akasema mtoto ana manjano. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akamtazama na kuniambia nisiwe na hofu, nimwanike kwenye jua la asubuhi na nimnyonyeshe, itakwisha yenyewe.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama mkwe hukaa naye barazani kuanzia saa moja hadi jua linapoanza kuwa kali. Amekuwa pia akimpa vijiko vichache vya maji ya glukosi ili, kama anavyosema, njano itoke kwa mkojo. Alitaka tumpe na dawa ya mchango nikakataa, na hapo ndipo tulipoanza kutoelewana. Leo mtoto ana siku 19. Ananyonya vizuri, analala vizuri na mzani wa kliniki unaonyesha ameongezeka, lakini weupe wa macho yake bado ni wa njano, na nikimbonyeza puani ninaona njano pia.

Kila mtu hapa nyumbani ana maelezo yake. Wifi yangu anasema maziwa yangu ndiyo mabaya, nimwachishe ziwa kwa muda na kumpa maziwa ya kopo. Jirani anasema ni kwa sababu nilikula machungwa mengi sana wakati wa ujauzito. Mama mkwe anaamini ameambukizwa na shemeji yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda na ambaye macho yake yamekuwa ya njano kwa wiki tatu sasa, mkojo wake una rangi ya soda nyeusi, naye anakunywa mizizi aliyopewa na mganga. Kwa sababu hiyo shemeji haruhusiwi kumshika mtoto, na nguo za mtoto zimetengwa kabisa. Anavaa zile ambazo mama mkwe alizitunza katika sanduku lake tangu mume wangu alipokuwa mdogo, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, hivyo zina harufu kali lakini ni safi.

Naomba unisaidie, Daktari. Je, niendelee na jua? Je, nimwachishe ziwa? Na je, ni kweli kwamba ameambukizwa na baba yake mdogo?

Mama wa Kichanga, Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata mtoto.

Kwa kuwa barua huchukua muda kabla ya kuchapishwa hapa, siku ileile nilipoisoma yako nilikutumia ujumbe mfupi: kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali ya wilaya, usimpe chochote zaidi ya ziwa lako, na ubebe nepi yenye choo chake bila kuifua. Huenda ulishangaa, kwa sababu barua yako haielezi mtoto aliyezidiwa. Ni kweli, na inawezekana kabisa kwamba mwanao ni mzima na njano yake itakwisha yenyewe. Lakini barua iliyotaja jua, machungwa, sanduku la nguo na hata rangi ya mkojo wa shemeji yako haikutaja rangi ya choo wala ya mkojo wa mtoto mwenyewe, na kwa mtoto aliyevuka siku 14 akiwa bado na njano, hilo ndilo jambo la kwanza ambalo daktari anataka kulijua.

Njano si ugonjwa mmoja. Ni dalili inayoweza kuletwa na mambo mengi yasiyofanana. Rangi yenyewe ni bilirubini, takataka inayobaki mwilini chembe nyekundu za damu zinapochakaa na kuvunjwa. Mtoto mchanga huzaliwa na chembe nyingi kuliko mtu mzima, na za kwake huishi siku 70 hadi 90 badala ya 120, kwa hiyo bilirubini yake ni nyingi tangu mwanzo. Alipokuwa tumboni, kondo la nyuma liliipitisha kwako na ini lako likaimaliza. Kitovu kilipokatwa, kazi yote ililiangukia ini lake changa, ambalo kimeng'enya chake, yaani kemikali ya mwili inayoichakata bilirubini, bado hakijapata nguvu. Ini likishaichakata huimwaga pamoja na nyongo, kupitia mirija midogo, hadi kwenye utumbo, na huko ndiko choo kinakopata rangi yake. Basi njano inaweza kuanzia mahali patatu: damu inavunjwa kupita kiasi, ini halimudu kazi, au nyongo imekosa njia ya kutokea. Utaona baadaye kwamba hata habari ya shemeji yako inaingia humohumo.

Kwa kichanga, kabla ya kuuliza njano ni kali kiasi gani, tunauliza ilianza siku gani. Ikionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24, ni dharura hata kama ananyonya, kwa sababu mara nyingi humaanisha kwamba damu inavunjwa kwa kasi: pengine mama ni kundi O na mtoto ni A au B, pengine mama ni Rh hasi na mtoto ni Rh chanya (Rh ni alama nyingine ya damu, ambayo mtu huwa nayo au hana), au mtoto ana uambukizo kwenye damu. Ikianza siku ya pili au ya tatu, ikapanda hadi siku ya nne au ya tano, kisha ikashuka taratibu na kwisha ndani ya wiki mbili, hiyo ni njano ya kawaida inayowapata takriban watoto 6 katika kila 10 waliozaliwa kwa wakati, na 8 katika kila 10 wa watoto njiti. Ya mwanao ilianza siku ya tatu, kwa hiyo muuguzi na mama mkwe wako hawakukosea siku ile. Mimi ninatofautiana nao kuanzia siku ya 15, kwa kuwa njano iliyovuka wiki mbili haiitwi tena ya kawaida mpaka iwe imechunguzwa, na mwongozo wa matibabu ya watoto unaotumika katika zahanati unaelekeza mtoto wa namna hii apewe rufaa ya kwenda hospitali.

Sasa turudi kwenye nepi. Choo cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama huwa cha njano iliyokolea, laini, chenye chembechembe, na wakati mwingine cha kijani. Yote hayo ni sawa. Mkojo wake hauna rangi, kiasi kwamba nepi nyeupe ikikauka haiachi doa. Choo kikiwa cheupe, cha rangi ya krimu au ya udongo mkavu wa mfinyanzi, na mkojo ukiacha doa la njano kwenye kitambaa, maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo, na badala yake inarudi kwenye damu na kutolewa na figo. Kitazame choo hicho kwenye mwanga wa mchana, barazani au dirishani, si chini ya balbu ya chumbani wala tochi ya simu, na mwoneshe mtu mwingine asiyembadilisha mtoto kila siku, kwa sababu choo huweza kupauka kidogo kidogo na macho ya mama yakakizoea.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi hapo ni kuziba kwa mirija ya nyongo, ambako mirija hiyo huharibika na kugeuka makovu karibu na wakati wa kuzaliwa. Ni ugonjwa adimu, na sisemi kwamba mwanao anao. Ubaya wake ni kwamba, katika wiki za mwanzo, mtoto mwenye ugonjwa huo hufanana kabisa na mtoto uliyemweleza: alizaliwa na uzito mzuri, ananyonya, analala, anaongezeka kwenye mzani, na kila anayemwona husema atapona tu. Upasuaji wake ulibuniwa na Morio Kasai, daktari wa Japani, katika miaka ya 1950. Mirija iliyoharibika huondolewa na utumbo huunganishwa moja kwa moja na ini. Hufaa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza siku 60, na kadiri siku zinavyosonga baada ya hapo ndivyo uwezekano wa nyongo kutiririka tena unavyopungua. Bila upasuaji, ini huendelea kujaa makovu, na wengi wa watoto hao hawavuki miaka miwili. Ukihesabu muda wa kupata rufaa kutoka wilayani hadi hospitali ya mkoa, na kutoka huko hadi hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, utaona kwamba siku 60 si nyingi, na kwamba ushauri wa "tumwangalie mpaka afikishe mwezi" unaweza kumla mtoto nusu ya muda wake wote.

Hospitalini, damu ya mtoto itapimwa bilirubini. Omba majibu yatolewe kwa namba mbili: bilirubini yote kwa jumla, na bilirubini direkti, yaani ile ambayo ini limekwisha kuichakata. Kwa umri wa mwanao, namba hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Ikizidi miligramu 1 kwa desilita, au mikromoli 17 kwa lita kwa maabara zinazotumia kipimo hicho, njano hiyo haitokani na uchanga wa ini wala na maziwa, na mtoto anahitaji kuchunguzwa zaidi, pamoja na kupigwa picha ya ultrasaundi ya ini. Daktari ataangalia pia mkojo, kwa sababu uambukizo katika njia ya mkojo kwa kichanga unaweza kuonekana kama njano inayogoma kwisha. Ataangalia tezi ya thairoidi, hasa kama mtoto ni mtulivu kupita kiasi na hupata choo kwa shida. Atauliza kama ulipimwa kaswende kliniki. Na atapima kundi la damu na wingi wa damu. Kwa sera ya nchi yetu, matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni bila malipo, ingawa ninajua kwamba kipimo kikikosekana hospitalini wazazi huandikiwa kukifanya nje. Ikitokea hivyo, kati ya vyote nilivyovitaja, usikiache hicho cha bilirubini direkti.

Jambo lililonishtua katika barua yako ni sanduku la mama mkwe. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali kwa kawaida ni naftalini, na mvuke wake hukaa kwenye nguo na kupenya kwenye ngozi laini ya mtoto. Kwa watoto wengi hauleti matatizo makubwa, lakini kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD unaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu kwa wingi, na njano ikapanda ghafla. Upungufu huo hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na umeenea katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, kwa maana unampa mwenye nao kinga fulani dhidi ya malaria. Mwanao ni wa kiume na kwao ni Tanga. Sihitaji kusubiri kipimo ili nikwambie uziondoe nguo hizo leo hii, zote, pamoja na shuka na kofia zilizotoka humo. Kuzianika hadi harufu ipungue hakutoshi. Mwambie daktari kwamba mtoto amezivaa, ili apime G6PD kama kipimo kipo. Mpaka majibu yatakapojulikana, asipakwe hina, ambayo kwa watoto wenye upungufu huo imewahi kuleta madhara yaleyale, na wewe unayenyonyesha usinywe dawa yoyote bila kumweleza anayekuandikia kwamba unanyonyesha mtoto mwenye njano. Mama mkwe alizitunza nguo hizo kwa miaka mingi kwa mapenzi, kwa hiyo ni vizuri mume wako ndiye aongee na mama yake, wala isiwe wewe.

Kuhusu maziwa yako, wifi yako ameshika kipande cha ukweli akakigeuza. Ipo njano inayotokana na maziwa ya mama: huendelea baada ya wiki ya pili, na kwa baadhi ya watoto hufika miezi miwili au hata mitatu, mtoto akiwa mzima, anakua, choo chake kikiwa cha njano na mkojo wake mweupe. Kama bilirubini direkti ya mwanao itakuwa chini na vipimo vingine vikawa vizuri, huenda hiyo ndiyo njano aliyo nayo, na tiba yake ni kuendelea kumnyonyesha. Maziwa hayo si mabaya na hayasimamishwi. Ipo njano nyingine ya wiki ya kwanza inayotokana na mtoto kunyonya kidogo mno: choo kinachelewa kutoka, na bilirubini iliyokwisha kumwagwa kwenye utumbo inafyonzwa upya na kurudi kwenye damu. Hiyo nayo hutibiwa kwa kunyonyesha zaidi, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Ndiyo maana maji ya glukosi yanadhuru: yanajaza tumbo dogo, mtoto anaacha ziwa, anapata choo kichache, na bilirubini yake hutolewa kwa choo zaidi kuliko kwa mkojo. Dawa ya mchango uliyoikataa, uliikataa kwa haki; hakuna anayejua kilichomo wala kipimo chake, na ini unalotaka kulisaidia ndilo litakalolazimika kuisafisha.

Machungwa ya Muheza hayana hatia. Mtu anayekula karoti au maboga kwa wingi anaweza kupata ngozi yenye rangi ya njano, lakini weupe wa macho yake hubaki mweupe. Na machungwa uliyoyala wewe hayakufika kwenye macho ya mtoto.

Nimeliacha jua hadi sasa kwa sababu lina habari ndefu, na mama mkwe wako hakulitoa hewani. Katika miaka ya 1950, kwenye hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza, muuguzi aliyekuwa na mazoea ya kuwatoa vichanga nje siku za jua alimwonesha daktari mtoto njiti ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa pembetatu moja ya njano iliyokolea. Pembetatu hiyo ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Mwaka 1958 Richard Cremer na wenzake wakachapisha taarifa ya taa waliyoitengeneza kutokana na jambo hilo, na huo ndio mwanzo wa tiba ya mwanga iliyopo katika wodi za watoto wachanga hivi leo. Mwanga wa buluu, wa mawimbi ya kati ya nanomita 460 na 490, hubadilisha umbo la bilirubini iliyo kwenye ngozi ili iweze kutoka bila kusubiri kuchakatwa na ini. Mtoto hulazwa chini ya taa akiwa na nepi tu na kitambaa cha kukinga macho, mchana na usiku, akitolewa kwa ajili ya kunyonya, na damu yake hupimwa tena na tena hadi kiwango kishuke.

Linganisha hayo na baraza lenu. Jua la saa moja ni hafifu na mtoto amefungwa kanga. Jua la saa nne lina mwanga wa kutosha lakini pia lina joto la kumkausha maji na miale ya kuichoma ngozi yake, na akivuliwa nguo asubuhi yenye upepo anapoteza joto. Hakuna anayejua amepata mwanga kiasi gani wala bilirubini imeshuka kiasi gani. Utafiti uliofanyika Lagos, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jua linaweza kufanya kazi ya taa, lakini lilikuwa jua lililochujwa kupitia mahema ya plastiki maalumu yanayozuia miale mibaya na kupunguza joto, watoto wakikaa humo kwa saa nyingi huku wauguzi wakiwapima joto la mwili kila mara, na wenye njano kali zaidi hawakutibiwa kwa njia hiyo. Kumtoa mtoto barazani asubuhi apunge hewa na bibi yake si kosa. Kosa ni kulihesabu hilo kuwa matibabu, kwa sababu hapo ndipo siku zinapopotea. Tena, kama tatizo ni nyongo iliyoziba, hata taa ya hospitali haitalitibu.

Ninajua barua hii inasomwa pia na wenye watoto wa siku mbili au tatu, na kwao hatari iko kwingine. Bilirubini ikipanda sana katika siku za mwanzo inaweza kuingia kwenye ubongo. Mtoto huanza kwa kulegea na kukataa ziwa, hulala kiasi cha kutoamka ili anyonye, kisha hulia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, hujikunja kwa kuurudisha mgongo na shingo nyuma, na huweza kupata degedege. Anayepona kutoka hapo anaweza kubaki na mtindio wa ubongo na uziwi ambao hauondoki maisha yake yote, ilhali kabla ya hatua hiyo taa ingetosha, au, kwa kiwango kilichopanda mno, kubadilishiwa damu. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, usiutegemee uso peke yake. Tazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Viganja na nyayo vikiwa vya njano, katika umri wowote wa uchanga, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, mtoto akiwa amefunikwa vizuri na akinyonyeshwa njiani. Hata hivyo jicho haliwezi kukadiria kiwango, hata jicho la mkunga mzoefu, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa, muda ambao njano ndiyo inapanda na ambao wengi wetu tumekwisha kuruhusiwa na tuko nyumbani.

Nakuja kwa shemeji yako, ambaye kwa maoni yangu ndiye mgonjwa asiyesikilizwa katika nyumba yenu. Hakumwambukiza mtoto. Homa ya ini aina ya A huchukua kwa kawaida siku 14 hadi 28 tangu kuambukizwa hadi kuonekana, na aina ya B huchukua siku 30 hadi 180, kwa hiyo mtoto aliyeanza njano siku ya tatu tangu kuzaliwa hakuipata kwa kushikwa na baba yake mdogo. Aina ya B huenea kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haienei kwa kupakata wala kwa kula sahani moja. Aina za A na E huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo sabuni na maji karibu na choo vitawalinda kuliko kumfukuza chumbani. Kama wewe mwenyewe hukupimwa homa ya ini B kliniki, pima sasa, na mtoto apate chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake imo ya homa ya ini B, akifikisha wiki 6, 10 na 14.

Mtu mzima mwenye macho ya njano na mkojo mweusi kwa wiki tatu anahitaji vipimo, wala si mizizi. Inaweza kuwa homa ya ini ya virusi, ambayo ya A kwa kawaida hupona kwa mapumziko na ya C siku hizi hutibika kabisa kwa vidonge vya wiki chache. Inaweza kuwa pombe, dawa alizomeza (zile za kifua kikuu ni mojawapo), malaria kali inayovunja damu, selimundu, au mawe katika mfuko wa nyongo, na kwa watu wa umri mkubwa uvimbe unaobana mirija. Kila moja ina tiba yake, na baadhi ya mizizi huliumiza ini kuliko ugonjwa wenyewe. Muulize kama anawashwa mwili na kama choo chake kimepauka, maana hizo ni dalili za nyongo iliyozuiwa. Akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, kutapika damu, kuvimba tumbo, au kupata homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia, asisubiri hata siku moja. Kama ataona uzito wa kwenda peke yake, aende siku ileile mnayompeleka mtoto, kwa kuwa maabara ni hiyohiyo.

Majibu yatakapotoka, niandikie zile namba mbili za bilirubini pamoja na kipimo kilichotumika, rangi ya choo kama ulivyoiona mchana, na uzito wa mtoto wa siku hiyo.